Mitutu Miwili, Bastola Moja

Mmenitumia sauti kwenye simu, nyinyi wasichana wapya wa ghala la silaha, mnaniuliza: bastola ya risasi nene ikiwepo tayari, bora ibadilishwe mtutu ipige risasi nyembamba, au inunuliwe nyengine kabisa? Nimeisikiliza sauti hiyo mara tatu. Mara ya kwanza kulisikia suali, mara ya pili kujua nani anakohoa huko nyuma, na mara ya tatu kupima kama mnauliza kwa nia ya kujua, au mkubwa wenu keshakata shauri na anataka jina langu aliegemee.

Msicheke. Hiyo ndiyo kazi mliyoingia. Mtu asiyeshuku akafanye kazi ya kupamba maharusi.

Nimekaa ghalani miaka ishirini na saba, katika uwanja wa shabaha nyuma ya majabali ya Ansab, hapa Maskati. Sikuingia kwa cheti. Skuli nilisoma madarasa machache, Kurani nikahitimu, na nambari nilijifunza kwa kuhesabu vikombe, maana niliajiriwa kupika kahawa. Shawish Khamis, sajini aliyekuwa mkuu wa ghala, aliona kuwa kila jioni nahesabu finjani kabla ya kuondoka na kila asubuhi nazihesabu tena kabla ya kuzitumia. Akanuliza, "Binti, nani anaiba finjani usiku?" Nikamjibu, "Sijui. Ndio maana nnahesabu." Wiki ya pili yake nikawa ndani ya ghala.

Yule mzee hakufundisha kwa maneno mengi. Siku ya kwanza kaniwekea bastola mezani, kanambia ni tupu, niishike. Nikaishika. Kanichapa kofi la mkono, si la kuumiza, la kuaibisha. "Nani kakwambia tupu?"

"Wewe, Shawish."

"Na mimi nani? Ndani ya bastola hamna neno la mtu. Muna risasi, au hamna."

Basi tangu siku hiyo, hata anipe bastola sultani wa majini, naivuta, natazama kwa jicho, kisha natia kidole kidogo, kwa sababu jicho nalo lina siku zake. Tabia ikahamia nyumbani. Marehemu mume wangu alikuwa akisema, "Zuwena, mtu akikwambia keshakula, amini." Nikamtazama meno.

Lakini msidhani anayeshuku hakosei. Mwaka wangu wa mwanzo mafuta ya bunduki yaliisha na mzigo umekwama bandarini. Shawish yuko likizo. Mimi nikafikiri: mafuta ni mafuta. Nyumbani nna chupa ya mafuta ya nazi, ya kukamua mwenyewe, meupe safi, hayana hata tone la maji. Nikayaleta, nikazipaka bastola kumi na mbili, zikang'ara mpaka nikaona fahari. Nikafunga mlango, kiyoyozi kinavuma kama kawaida ya ghala. Nyote mnaotia mafuta ya nazi kichwani mnajua kinachotokea yakipata baridi. Asubuhi zilikuwa zimeganda kama samli. Haivutiki hata moja. Askari wamepanga foleni nje, na mimi nazianika juani moja moja kama nakausha papa.

Shawish aliporudi alinusa moja tu. "Binti, hizi za kupigia shabaha au za kusukia nywele?"

Alinisema kwa wiki nzima, kisha akalimaliza kwa jambo ambalo nataka mlishike: kitu kuwa chema mahali pake si dalili kwamba kitakuwa chema mahali pako. Nililishika kwenye mafuta. Kwenye mambo mengine sikulishika, kama mtakavyoona.

Sasa suali lenu. Miaka mingi baadaye Shawish keshastaafu, ufunguo wa ghala uko kiunoni mwangu, na mkubwa wa uwanja ni kijana mmoja, Mudir Said, mpole, mwenye kupenda kila mtu akubaliane naye. Timu ya wasichana ilikuwa inaundwa. Bastola zetu zote zilikuwa za risasi tunayoiita arubaini, nene, inarusha mkono. Wasichana walihitaji ya tisa, nyembamba kidogo, ambayo haichokeshi na inapatikana kwa urahisi. Kukawa na njia mbili. Moja, kununua bastola za tisa. Ya pili, kuzichukua zile zile za arubaini, kuzitoa mtutu wake na kuzitia mtutu wa tisa uliotengenezwa kwa ajili hiyo, kwa nje umelingana na wa kwanza, tundu lake tu dogo. Ukitaka, kesho unaurudisha ule wa zamani.

Mudir alitukusanya kwenye kahawa. Mimi, na Otieno. Huyo Otieno alikuwa fundi wetu wa silaha, Mkenya, alipata kuwa mwanajeshi kwao kabla ya kuja Maskati. Mkristo, mtu mrefu, mikono mikubwa lakini ikishika skrubu utadhani anashika yai. Kiswahili chake na changu vikikutana ni vita. Yeye ananambia "Mama, hii kitu imeharibika," mimi namwambia kitu hakisemi hii, kinasema hiki, naye anacheka: "Mama, bora imeharibika. Tumeelewana."

Mudir kamuuliza, "Otieno, wewe waonaje?"

"Nunua ingine, boss. Bastola moja, kazi moja. Hii maneno ya kubadilisha mtutu ni sawa kwa mtu mwenye bastola yake peke yake nyumbani. Hapa tuko wengi. Siku moja mtu atasahau ni mtutu gani uko ndani."

Nikamrukia. "Atakayesahau ni nani? Ghalani naingia mimi na wewe tu. Mimi sisahau."

"Mama, sijasema wewe."

"Basi umejisema mwenyewe."

Mudir akacheka, na mimi nikajiona nimeshinda. Ukweli wake, sikuwa na hoja juu ya mtutu. Nilikuwa na hoja juu ya Otieno. Katika maisha yangu sijaona fundi anayesema "nunua kipya" bila ya kuwa na jamaa dukani. Fundi wa friji hivyo hivyo, fundi wa gari hivyo hivyo. Nikajiambia, huyu ana mtu wake anauza bastola. Kwa hivyo nikamwambia Mudir, tubadilishe. Mudir, ambaye alikuwa anataka kusikia hayo hayo, akasema tuanze na bastola moja ya majaribio.

Likaja boksi na mtutu wake. Nikamwambia Otieno, "Hii nitaishika mimi. Wewe hukuitaka, usiiguse." Akainua mikono juu kama aliyekamatwa. "Sawa, Mama. Ni yako."

Nikawa na mitutu miwili, bastola moja. Nambari zimechongwa ubavuni mwa mtutu, ndogo mno, na macho yangu yalikuwa yameshaanza kunidai miwani ambayo sikutaka kuivaa mbele ya vijana. Nikafanya akili yangu. Mtutu wa tisa nikauvika kitambaa cheupe cha kanzu kuukuu, mtutu wa arubaini nikauvika kipande cha kanga. Nikaufunga kila mmoja kwa fundo la mama yangu, lile la kufungia hirizi, ambalo mtu asiyefundishwa halifungui wala halifungi. Asubuhi natoa mweupe, natia. Nikaona nimemaliza. Wanaume wamesoma nambari, mimi nimesoma nguo.

Bastola yenye mitutu miwili, wanangu, ni kama mwanamume mwenye nyumba mbili. Kila akiingia huna budi kumuuliza katokea wapi, na usitosheke na kanzu aliyovaa. Hayo nayasema leo.

Bastola ile kapewa Thuraya. Msichana wa Ansab hapo hapo, mamake mtu wetu wa Unguja, babake mkali. Babake alimruhusu kwa sharti moja: ukichaguliwa timu, endelea, ukikosa, unarudi nyumbani na maneno ya bunduki yanakwisha. Thuraya alikuwa anapiga shabaha kama anayetia uzi kwenye sindano. Mwezi mzima wa majaribio, matundu yake yote yanafunikwa kwa finjani moja. Mimi nikipita mbele ya Otieno nasema, "Umeona mtutu wa kubadilisha?" Naye: "Nimeona, Mama. Msichana ni mzuri."

Ikaja Idi. Siku moja kabla ya likizo nikasafisha kila kitu. Nikaifungua bastola, nikaitoa mitutu yote miwili, nikailaza kwenye sinia, nikavifua vile vitambaa viwili. Hilo nalikumbuka vizuri. Na tulipofungua baada ya Idi nikaitia bastola mtutu wa kitambaa cheupe, kama siku zote.

Siku tatu za mchujo zilianza. Siku ya kwanza Thuraya akapiga, karatasi ikarudi utadhani kairushia mchanga. Tundu moja juu, moja pembeni kabisa, mengine hayamo kwenye karatasi. Na yale yaliyomo si ya duara, yamechanika marefu. Akasema ni mkono, hakulala. Siku ya pili vile vile. Alikuja dirishani kwangu kuirejesha bastola.

"Bibi, macho yangu yameingia kitu?"

"Macho yako hayana kitu. Umekula?"

"Baba kesharudisha sare yangu kwa fundi akaipunguze avae mdogo wangu. Na kesho bado."

Ikanichoma. Na hapo ndipo ukucha wangu wa kushuku ukaota. Nikatoka, nikaenda nikaokota maganda ya risasi pale aliposimama. Hili mulijue nyinyi wa ghalani: msiyafagie maganda kabla ya kuyatazama. Ganda ndilo shahidi asiyejua kusema uongo, kwa sababu ndilo lililokuwemo ndani mambo yakitokea. Ganda zima limenyooka kama kidole. Yale ya Thuraya yalikuwa na matumbo, yamevimba, na mawili yamepasuka ubavu. Risasi ya tisa imepigwa ndani ya chumba cha mtutu kilichokuwa kikubwa kuliko yenyewe. Imetoka inatapatapa kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha babake. Na ganda likipasuka, moto hutafuta pa kutokea, na mbele yake pana uso wa mtu.

Ndani ya bastola ile mulikuwa na mtutu wa arubaini.

Sikurudi ghalani kutazama. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote, kubwa kuliko mafuta ya nazi. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mudir, maganda kiganjani, nikayamwaga juu ya meza yake na Otieno yupo, anatia saini karatasi zake.

"Mtutu umebadilishwa," nikasema. "Na aliyekuwa hautaki mtutu huu unamjua."

Otieno akachukua ganda moja, akaligeuza, uso ukamwiva. Hakuogopa. Alikasirika. "Huyu msichana angepofuka," akasema. "Nani ametia mtutu?"

"Unaniuliza mimi?"

"Mama, mimi sijagusa hiyo bastola. Ulinikataza."

"Ndiyo atakayosema kila mtu. Ulitaka inunuliwe nyengine. Sasa itanunuliwa, si ndiyo?"

Hakunitukana, na ningependa anitukane. Akamwambia Mudir, "Boss, uliza mtu yeyote." Mudir, mpole yule, akawa mkali kama watu wapole wanavyokuwa, mara moja na kupita kiasi. Alisema mambo ya usalama hayana mchezo. Alisema mchana huo huo ataandika barua ya kumaliza mkataba, na Otieno akae nje ya ghala mpaka aitwe. Mtu wa mkataba mnajua maana yake. Kibali kikifutwa, hana siku nyingi za kuwa Maskati. Otieno akaenda akaketi kwenye kivuli cha ukuta wa kontena, mikono juu ya magoti.

Mimi nikarudi ghalani kuchukua ushahidi. Nilitaka nimletee Mudir boksi lenyewe. Nikalifungua. Mtutu uliobaki ulikuwa umelala ndani ya kipande cha kanga, umefungwa vizuri. Nikavaa miwani. Nikaipasua kanga ubavuni kwa kisu, fundo nikaliacha zima liwe ushahidi, nikasoma nambari: tisa. Mtutu wa tisa, ndani ya kanga.

Na fundo lilikuwa langu. La mama yangu. Katika uwanja ule hapakuwa na mkono mwengine wa kulifunga.

Nikakaa juu ya sanduku la risasi. Yakanijia yote. Siku ile kabla ya Idi, mitutu imelala kwenye sinia, simu ikalia, binti yangu wa Sib anauliza wageni wangapi na mbuzi keshachinjwa au bado. Nikatoka nje kwa sababu ndani simu haisikiki. Niliporudi niliingia kwa mlango wa upande wa pili, nikakaa upande wa pili wa sinia, na uliokuwa kuliani ukawa kushotoni. Nikavivalisha vitambaa vyangu safi, nikafunga mafundo yangu mazuri, nikaenda zangu kula Idi. Sikusoma nambari. Nilisoma nguo.

Nitawaambia kweli, kwani mimi ni mzee na sina tena cha kuficha. Nililifunga tena lile boksi. Nilifikiri: nikiutia mtutu wa kweli sasa hivi, Thuraya kesho atapiga vizuri, atapita, na hakuna atakayejua. Otieno fundi mzuri, kazi ataipata kwengine. Nilifikiri hivyo kwa muda wa kutosha hata nikasimama na kuanza kuutia. Ufunguo wangu, umri wangu, jina langu. Wanawake walioajiriwa pale uwanjani tulikuwa wawili watatu tu, na wanaume walikuwa wanasubiri siku mmoja wetu akosee.

Kilichonitoa si ucha Mungu, msinipambe. Ni kwamba dirishani nilikuwa namuona Otieno, na Thuraya kenda kumpelekea maji. Binti ambaye nusura apofuke kwa mkono wangu anampa maji mtu ninayemfukuzisha kazi, naye mtu yule anamuonesha kwa vidole namna ya kushusha mabega, kesho asikaze shingo. Anamfundisha. Barua yake iko mezani inaandikwa, naye anafundisha.

Nikachukua mtutu, kanga yake na fundo lake, nikaenda kwa Mudir.

"Usiipeleke barua," nikasema. "Ni mimi."

"Bi Zuwena, wewe huwezi."

"Nimeweza. Tazama fundo. Hapa hakuna mwengine anayejua kulifunga."

Alijaribu kunipa njia. Watu wetu tunaheshimu mvi hata pale zinapostahili kunyolewa. Alisema pengine, alisema huenda. Nikamwambia awaite wote nilirudie mbele yao, kwa sababu nilimtaja mtu mbele ya watu. Nikalisema. Nikautoa ufunguo kiunoni, nikauweka mezani, na kwa miezi mitatu sikuushika, na hiyo ilikuwa haki.

Siku ya tatu Otieno mwenyewe aliitia bastola mtutu wa tisa. Mudir alizifuta karatasi mbili za nyuma, Thuraya akaanza upya. Akapita. Sare ikarudi kwa fundi ikalegezwa.

Kwa hivyo jawabu langu ni hili. Mtu mmoja, bastola moja, macho mazuri na nidhamu, abadilishe mtutu apendavyo, lakini asome nambari kila mara kama kwamba hajapata kuiona. Penye watu wengi, nunueni nyengine. Aliyesema hivyo tangu mwanzo alikuwa Otieno. Hakuwa na jamaa anayeuza bastola. Niliuliza baadaye. Jamaa zake wanalima mtama.

Nilimuomba radhi siku ile ile. Akasema, "Imeisha, Mama." Akanisalimia kila asubuhi, akanipisha mlangoni, akanibebea masanduku mazito. Kiswahili changu hakukicheka tena. Mkataba wake ulipomalizika Mudir alimbembeleza aongeze, akasema hapana, asante.

Siku ya kuondoka alipita akiwaaga watu, Thuraya analia bila ya kujificha. Kanuni ni kuwa kila anayeacha kazi begi lake hupekuliwa na mwenye ghala kabla ya kutoka getini. Mimi nikampungia mkono apite.

Akaliweka begi juu ya meza yangu. "Pekua, Mama."

"Nenda, mwanangu. Sikupekui."

"Pekua. Nataka nitoke nikiwa nimepekuliwa."

Watu wamesimama wanatazama. Nikafungua zipu. Mashati yamekunjwa. Biblia. Mkebe wa halua. Viatu vya skuli vya mtoto wa kike, vipya, vimejazwa magazeti visibonyee. Nikatia mkono ndani ya kila kiatu, cha kulia, kisha cha kushoto, mpaka kwenye ncha, kama kazi inavyotaka.

Nikafunga zipu.

"Umeona?" akanuliza.

"Nimeona."

Akalichukua begi lake, akaenda.